Sikio Lidundalo Lipigwe Picha Kabla ya Kisu

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakimsema mkaidi, si mgonjwa. Lakini yapo masikio ambayo balaa yake ni kusikia yale yasiyopasa kusikiwa. Mwenye sikio la aina hiyo hujilaza usiku, taa zimezimwa na nyumba imetulia, mara akaanza kusikia ndani ya kichwa chake mdundo kama wa ngoma ya mbali. Akijishika penye kifundo cha mkono hutambua kwamba mdundo ule unakwenda sambamba na mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Yafaa ieleweke mapema kwamba huu si ule mlio wa kawaida, mwembamba kama wa nyenje, unaowasumbua wazee wengi na vijana waliozoea kukaa karibu na vipaza sauti vya matatu. Mlio wa nyenje aghalabu hutokana na uchovu wa neva za kusikia. Mdundo unaofuata moyo ni habari nyingine. Huo mara nyingi una mshipa wa damu nyuma yake, na mshipa huo waweza kutafutwa na kuonekana.

Mgonjwa huyu anapofika kwa daktari, na daktari akachungulia sikioni kwa otoskopu, huenda asione lolote. Lakini huenda pia akaona, nyuma ya kiwambo cha sikio, kitu chekundu kilichojikunja kama punje ya kunde, au doa la buluu lililotuama upande wa chini. Hapo ndipo njia panda inapoanza. Je, ni uvimbe? Ni usaha au maji yaliyoganda? Ni damu ya zamani? Mkono wa tabibu huwa na hamu ya kujua, na kisu na sindano viko mezani. Maoni yetu ni kwamba katika njia panda hiyo pana njia moja tu ya kufuatwa: picha kwanza, mkono baadaye. Na kwa kuwa nchi hii imekwisha kugharimia mitambo ya kupigia picha hizo, hatuoni ni kwa nini jambo hili liachiwe bahati ya mgonjwa na hekima ya daktari mmoja mmoja.

Sikio la kati ni chumba kidogo mno. Kimo chake ni kama milimita 15, na pale katikati, kutoka kiwamboni hadi ukuta wa ndani, upana wake ni kama milimita 2 tu. Ndani yake mna vile vifupa vitatu tulivyofundishwa shuleni, yaani nyundo, fuawe na kikuku, na neva inayoendesha uso hupita ukutani. Lakini jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa ni majirani wa chumba hicho. Mbele yake hupanda ateri ya karotidi ya ndani, ambayo ni mojawapo ya njia kuu za damu iendayo kwenye ubongo. Chini yake hulala vena ya jugula, ambayo hurudisha damu kutoka ubongoni, nayo mahali hapo hutuna kama kitunguu. Kinachozitenganisha mito hiyo miwili na chumba cha kusikia ni kuta za mfupa, nazo kwa watu wengine ni nyembamba kama ganda la yai.

Kwa watu wachache ukuta haupo, au mto wenyewe umebadili njia.

Tuitazame kwanza karotidi, kwani hiyo ndiyo inayotisha zaidi. Mtoto anapoumbika tumboni, hutokea mara chache kwamba ile sehemu ya ateri iliyopasa kupanda wima ndani ya mfupa isikue. Damu haikosi njia. Hupitia kijishipa kingine kidogo ambacho kwa kawaida huingia sikioni kupitia kitundu chembamba sakafuni. Kijishipa hicho hupanuka, kitundu nacho hupanuka, na mwisho wake ateri nzima ya ubongo hupita katikati ya sikio la kati, juu ya kile kijiinuko cha koklea, kisha ikaenda kuungana na njia yake ya kawaida huko mbele. Mwenyewe huzaliwa hivyo, akakua hivyo, akaoa au akaolewa, pengine asijue kamwe. Wengine husikia mdundo. Wengine hupungukiwa kidogo na usikivu. Wengine hugunduliwa kwa sababu tu walikwenda hospitali kwa ajili ya mafua yaliyoziba sikio.

Sasa tuseme mtu huyo ni mtoto wa miaka sita mwenye maji nyuma ya kiwambo, na imeamuliwa atobolewe ili maji yatoke na awekewe kijibomba. Operesheni hiyo ni ndogo, hufanywa kila siku duniani, na kwa masikio mengi sana ni salama. Lakini kwa sikio hili kisu kitatumbukia katika ateri ya ubongo. Damu itaruka. Daktari atalazimika kulijaza sikio pamba na vitambaa kwa nguvu, na pengine wataalamu waitwe kuiziba ateri kutoka ndani kwa mpira au waya za kupitishwa kwenye paja, ikiwa wapo. Mtoto huenda akapona. Huenda pia akapooza upande mmoja wa mwili, au tukampoteza. Na yote hayo kwa ajili ya kitu ambacho, laiti kingejulikana, dawa yake ingekuwa ni kukiacha kilivyo!

Jambo hilo la kukiacha kilivyo ndilo tunaloomba lisipite bure. Watu wengi hudhani kipimo hufanywa ili kitafutwe cha kukata. Katika ugonjwa huu picha mara nyingi humwokoa mtu na kukatwa.

Vena ya jugula nayo ina hadithi yake, na hukutwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya karotidi. Hapa kile kitunguu cha vena hupanda juu mno na ule ukuta wa mfupa ukakosekana, hata vena ikachungulia ndani ya sikio. Rangi yake ni ya buluu, si nyekundu, na mara nyingi hukaa chini na nyuma. Tena ipo ateri ndogo ya kikuku, iliyopasa kutoweka kabla mtoto hajazaliwa, ambayo kwa nadra hubaki ikipita katikati ya miguu miwili ya kile kifupa. Huyu wa pili hamsumbui mwenyewe sana, bali humsumbua daktari anayekwenda kukibadilisha kikuku kilichoganda, akakuta mlangoni mlinzi asiyemtarajia.

Kisha upo uvimbe wenyewe. Mwaka 1941 mtaalamu wa Marekani, Stacy Guild, alieleza vijifundo vidogo vyenye mishipa mingi ya damu vilivyoko karibu na vena ya jugula na ndani ya sikio la kati. Mwaka 1945 Harry Rosenwasser akaripoti uvimbe uliotokana na vijifundo hivyo. Leo madaktari huuita uvimbe wa glomasi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa kawaida hukua polepole kwa miaka mingi, na walio wengi katika uvimbe huu si saratani ya kusambaa, lakini umejaa damu kama sifongo iliyotoswa. Ukikatwa kinofu ili kipelekwe maabara, kama ilivyo desturi kwa uvimbe mwingine, sikio hufurika. Ndiyo sababu vitabu vya fani hii vinaonya, mwaka baada ya mwaka, kwamba usinofoe kitu chekundu kidundacho nyuma ya kiwambo kabla ya kukijua ni nini.

Je, jicho la daktari haliwezi kutofautisha? Yapo madaktari wenye macho makali, tena zipo hila za zamani. Mojawapo ni kusukuma hewa sikioni kwa kipira na kutazama kama wekundu utafifia. Hila hiyo husaidia, wala hatuidharau, lakini haitoshi. Karotidi iliyopotoka na glomasi changa zote ni nyekundu, zote zaweza kudunda, na zote hukaa juu ya kijiinuko kilekile. Ukitazama kupitia kiwambo ni kama kumtambua mtu kupitia pazia. Waona umbo, uso huuoni.

Pazia hilo liliondolewa na mashine ya CT, na tusiisahau sehemu ya Afrika katika habari hiyo. Mwaka 1956, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg na mwalimu wa fizikia mjini Cape Town, aliombwa kusimamia kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Huko ndiko alikoanza kujiuliza jinsi hesabu zingeweza kuonyesha yaliyomo mwilini kwa miale inayopita kutoka pande nyingi. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe akiwa na kampuni ya EMI, ambayo walimwengu waliifahamu zaidi kwa santuri za muziki. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wawili hao walishirikiana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Faida ya CT kwa sikio ni kwamba huuona mfupa vizuri kupita kiasi, na katika jambo letu hili mfupa ndio shahidi. Msomaji wa picha hutazama mfereji wa karotidi. Je, sehemu yake ya wima ipo mahali pake? Kama haipo, na badala yake pana kitu kama bomba kinachoingia kupitia kitundu kilichopanuka, kikapita juu ya kijiinuko na kuungana na mfereji wa mbele, basi hiyo ni ateri. Mwenye kisu akae mbali. Glomasi changa huwa kama kidonge juu ya kijiinuko. Ina mwanzo na mwisho, haina bomba la kuingilia wala la kutokea, na mfereji wa karotidi uko salama. Uvimbe ulioanzia kwenye jugula na kupanda hula mfupa wa sakafu, nao mfupa huonekana umeliwaliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Kitunguu cha jugula kilichopanda tu huacha kingo laini zisizoliwa, ila kile kiukuta cha juu ndicho kilichokosekana. Na ateri ya kikuku hujifichua kwa dalili ya ajabu: lile tundu dogo chini ya fuvu ambalo ateri ya utando wa ubongo hupitia kwa kawaida halipo, kwa kuwa ateri hiyo imechagua kupita sikioni.

Lakini si kila picha ya CT itasema haya. Hapa ndipo tunapoomba wasomaji wetu, na hasa wakuu wa hospitali, watege sikio. Picha ya kawaida ya kichwa, kama ile apigwayo mtu aliyegongwa na bodaboda, huweza kukatwa vipande vya milimita 5 hivi. Chumba chenye upana wa milimita 2 hupotea katikati ya vipande hivyo kama sarafu iliyoanguka katikati ya mbao za sakafu. Picha ya sikio hutakiwa vipande visivyozidi milimita 1, tena vitengenezwe kwa namna ya kuonyesha mfupa, vitazamwe kwa ulalo na kwa wima. Mashine nyingi za leo huweza kufanya hivyo bila kuongezewa hata msumari. Kinachohitajika ni mtu aombe hivyo. Daktari akiandika kwenye fomu "CT ya kichwa" pasipo neno jingine, atapewa kichwa. Akiandika "mifupa ya sikio, mdundo unaofuata moyo, kitu chekundu nyuma ya kiwambo cha kulia", mpiga picha atajua la kufanya na msomaji atajua pa kutazama. Maneno hayo machache ni ya bure.

MRI ina mahali pake, ila isidhaniwe kwamba kwa kuwa ni ghali basi ni bora kwa kila jambo. Mfupa na hewa vyote huonekana vyeusi katika MRI, na sikio la kati ni mfupa na hewa. Inafaa zaidi uvimbe unapokuwa mkubwa, ili ijulikane umefika wapi kuelekea shingoni au ubongoni, au kiwambo kinapoonekana kizima na mdundo bado upo, kwani chanzo chaweza kuwa mshipa ulioko nje ya sikio kabisa. Anjiografia, yaani kupitisha dawa ya kuonyesha mishipa, hufuata pale upasuaji wa uvimbe mkubwa unapopangwa, ili mishipa inayoulisha izibwe siku moja au mbili kabla. Hayo ni ya hospitali kubwa. Swali la kwanza, kama ni mshipa au ni uvimbe, laweza kujibiwa karibu na nyumbani.

Laweza kwa sababu mitambo ilinunuliwa, au tuseme ilikodishwa. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitia saini mpango wa kukodi vifaa kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, kwa gharama iliyotajwa mwanzoni kuwa shilingi bilioni 38. Baadaye mashine za CT nazo zikaongezwa. Kelele zilizozuka zinakumbukwa. Kamati maalumu ya Seneti ilichunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020, na miongoni mwa malalamiko yaliyosikika ni kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kazi kwa kukosa wahudumu, maji au umeme wa kutosha. Hatutaki kufukua kaburi la hesabu hizo leo. Tunachosema ni kwamba mlipa kodi amekwisha kutoa chake. Iweje basi alipie tena kwa damu ya mwanawe, kwa sababu tu mtambo ulioko kaunti unapiga vichwa na haupigi masikio?

Upungufu wetu mkubwa zaidi ni watu. Wataalamu wa kusoma picha na madaktari wa masikio, pua na koo wamejazana Nairobi na katika miji michache, ilhali mgonjwa yuko Lodwar au Hola. Lakini picha ya leo si karatasi ya kubebwa kwa basi usiku kucha. Husafirishwa kwa mtandao na kusomwa na mtu aliye umbali wa kilomita mia tano kabla chai haijapoa. Kaunti kadhaa zikiungana na kumlipa msomaji mmoja mwenye ujuzi wa sikio, tayari zimepata kile ambacho kila moja peke yake isingekipata. Ugatuzi haukukusudiwa kumfanya kila gavana awe na kisiwa chake.

Tunajua kuna watakaopinga. Watasema maradhi haya ni nadra, na nchi ina malaria, ina akina mama wanaofia leba, ina masikio elfu kwa elfu yanayotoka usaha kwa kukosa dawa za bei nafuu. Ni kweli. Wala hatusemi kila sikio linalovuja usaha lipelekwe kwenye CT. Hilo lingekuwa upumbavu na uharibifu wa mali, tena miale ya CT si ya kuchezewa, hasa kwa watoto. Tunasema juu ya sikio lenye alama zake: linadunda pamoja na moyo, au lina kitu chekundu au cha buluu nyuma ya kiwambo kizima. Masikio hayo ni machache, na kwa sababu ni machache gharama yake haiwezi kuivunja kaunti yoyote. Tena tuulize upande wa pili gharama ya sikio moja lililokatwa vibaya: chumba cha wagonjwa mahututi, damu, safari ya ambulensi, na mlezi wa familia aliyepooza.

Wengine watasema madaktari wetu wanayajua haya. Wale waliobobea wanayajua vyema, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimewafundisha wengi. Lakini mgonjwa wa kwanza kuonwa haonwi na aliyebobea. Huonwa na afisa wa kliniki aliyechoka, foleni imefika langoni, naye ana kijitaa ambacho betri yake yakaribia kuisha. Huyo ndiye anayepaswa kupewa kanuni fupi ya kukumbuka, na kupewa uwezo wa kumtuma mgonjwa mbele bila kuulizwa maswali kumi.

Kwa hivyo Wizara ya Afya itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, ubandikwe katika kila chumba cha masikio kuanzia hospitali za kaunti ndogo, useme kwamba kitu chekundu au cha buluu nyuma ya kiwambo hakitobolewi, hakinofolewi wala hakichomwi sindano mpaka picha ya CT ya mifupa ya sikio imepigwa na kusomwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, itamke waziwazi namna picha hiyo inavyolipiwa kwa mgonjwa mwenye alama tulizozitaja, ili asitumwe dirisha hadi dirisha. Magavana nao wahesabu ni mashine ngapi za CT katika kaunti zao zinazofanya kazi wiki hii, na ni ngapi zinazoweza kupiga sikio kwa vipande vyembamba, kisha watangaze hesabu hiyo.

Na mgonjwa naye, akishapigwa picha, apewe diski yake na maandishi ya aliyeisoma, aende nayo nyumbani. Sikio lile lile huenda likatazamwa na daktari mwingine miaka kumi baadaye, kwingine kabisa, kwa sababu ya mafua tu, na diski hiyo ndiyo itakayomwambia kwamba chekundu akionacho ni ateri.